Kitufe Kimoja, Kazi Mbili

Kaunta ya Kwanza, Kituo cha Mabasi
Tarehe 6 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu zangu zikufikie ukiwa mzima, na kama yale mafua bado unayo, zikukute umejifunika. Huku hatujambo. Goti la Baba linamsumbua kukiwa na baridi, na kukiwa na jua linamsumbua pia, ila mdomo wake haujawahi kuugua. Anakusalimu wewe kabla hajaniuliza mimi kama nimekula.

Nakuandikia kwa mkono kama nilivyozoea tangu ulipokuwa bwenini, na atakuletea dereva wa basi la asubuhi, yule mwenye mwanya. Simu zipo, najua. Lakini kwenye simu wewe husema "ndiyo dada, ndiyo dada" huku macho yako kwenye kazi nyingine. Karatasi itabidi uisome.

Sasa habari yenyewe. Dashibodi yako, ile skrini ya kukatia tiketi, imefika. Vijana wa kampuni yenu wamekuja wakatuwekea kompyuta na printa kila kaunta, na meneja akakusanya mihuri yote na vitabu vya tiketi akavifungia kabatini. Wenzangu wamenuna kama waliopokonywa watoto. Kipepeo, yule binti wa kaunta ya pili mwenye kope za kubandika, anasema kompyuta itatufukuza kazi sote. Mimi nikasimama mbele yao nikawaambia: aliyechora skrini hii nimembeba mgongoni, na ikiwa na kasoro njooni mnikamate mimi. Wakacheka, wakakaa, wakaanza kubonyeza.

Siku ya mafunzo sikwenda. Nilimwambia meneja nina mwalimu wangu wa nyumbani. Basi mwalimu, nifundishe. Mabasi nayaona, viti naviona, vyeupe vitupu na vya buluu vimechukuliwa. Tatizo ni mkono. Mkono umezoea muhuri mmoja kwenye tiketi ya abiria na wa pili kwenye kipande cha ofisi, pa, pa, ndiyo maana wananiita Mama Mihuri. Sasa kwenye kompyuta hata sijui niguse wapi.

Ni mimi,
Dada yako

*

Tarehe 15 Februari

Dada,

Shikamoo. Mafua yamepona, nala vizuri, na chumba changu kipya kina dirisha. Mpe Baba shikamoo yangu na umwambie asipande ngazi.

Barua yako nimewasomea wenzangu ofisini, ile sehemu ya mgongoni. Wamecheka mpaka basi. Dada, hujui ulivyonisaidia. Kampuni ya mabasi ilituambia vituo vingine vimegoma, chenu ndicho cha kwanza kukubali.

Sasa somo. Skrini ya zamani ilikuwa na vitufe kila kona. Mkuu wangu akaitazama akasema imejaa kama soko. Nikaanza kuondoa kimoja kimoja. Kilichobaki ni kitufe kikubwa cha kijani, chini upande wa kulia, kimeandikwa Thibitisha. Ukishachagua kiti, kibonyeze. Tiketi inatoka kwenye printa, na hapo hapo kitufe kinageuka kuwa Futa, endapo abiria atabadili mawazo. Hakuna kutafuta, hakuna kuhangaika. Kitufe kimoja, kazi mbili. Mkuu amekisifu mbele ya watu wote, na ujue yule si mtu wa kusifu.

Nilipokuwa nachora nilikuwa nakuwaza wewe. Kila hatua nilijiuliza, je, Dada atalielewa hili?

Mdogo wako

*

Tarehe 21 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Marahaba, na pole na kazi. Sisi wazima. Baba amepanda ngazi.

Nimeelewa, tena nimeelewa sana. Wiki za kwanza nilikuwa nabonyeza kwa kidole kimoja kama mtu anayepapasa moto, sasa mkono umepata mwendo wake wa zamani. Sitazami hata. Abiria anasema anakokwenda, mimi nachagua kiti, nabonyeza, tiketi inatoka, namkabidhi huku nimeshamtazama anayefuata. Kipepeo nimemwacha mbali. Meneja alipita jana akasema, "Mama Mihuri, hata bila mihuri?" Nikamjibu kazi iko mkononi, haiko kwenye muhuri.

Kulikuwa na kelele kidogo wiki hii. Abiria wawili waligombania kiti kimoja, kila mtu na tiketi yake. Nadhani wakala wa mji wa pili alisinzia akauza nilichokwisha kuuza. Nimempigia simu nikamtolea uvivu. Usiniambie ni dashibodi, maana nitakutetea hata mbele yako mwenyewe.

Dada yako

*

Tarehe 9 Aprili

Mdogo wangu,

Natumai u mzima. Mimi sijui nikwambieje hali yangu.

Wiki iliyopita walinijia watu wa ukoo mmoja, wakubwa kwa watoto, wanakwenda kumzika mama yao. Niliwapanga pamoja nyuma ya dereva, bibi yao mzee nikamweka dirishani, na mtoto mchanga na mama yake mbele pasipo na mtikisiko. Niliwapa pole, nikawapa tiketi zao, nikajiona nimefanya kazi ya maana siku hiyo.

Asubuhi wamefika, viti vyao vyote vina watu. Wale watu nao wana tiketi, wamekata kwa mawakala jioni ile ile. Kondakta akaja kwenye skrini yangu, tukatazama pamoja. Nafasi za ule ukoo zimeandikwa "imefutwa", moja baada ya nyingine, na pembeni ya kila moja ni jina langu. Basi lilikuwa limejaa, likaondoka. Wao walikaa barazani na mashada yao mpaka basi la mchana, na walipofika, kaburi lilikuwa limekwisha kufukiwa.

Jana mtoto mkubwa wa marehemu alirudi. Nilidhani atanitukana na nilikuwa tayari kutukanwa. Hakupaza hata sauti. Alisimama kwenye dirisha la kaunta akasema, "Mama, sikuja kugombana. Nilitaka tu kumwona aliyenikosesha." Akaniangalia, kisha akaenda zake.

Mimi sikufuta, mdogo wangu. Naapa sikufuta. Meneja ameniandikia nifike mbele ya kamati ya nidhamu. Tazama huko kwenu uniambie imekuwaje. Dereva nimemwambia asubiri jibu mlangoni kwako.

Dada yako

*

Tarehe 10 Aprili

Dada,

Shikamoo, na pole sana. Naandika haraka, dereva yuko chini anapiga honi.

Nimetazama. Umebonyeza mara mbili. Mara ya kwanza kitufe kinathibitisha na tiketi inatoka, na papo hapo kimegeuka Futa, wewe mkono wako unarudi pale pale kwa mara ya pili. Kila tiketi hivyo hivyo. Ni ule mtindo wako wa muhuri. Siku zile ulipokuwa unabonyeza polepole halikutokea.

Usiwe na wasiwasi. Nimeshakirekebisha jana hiyo hiyo mwenye mwanya alipoleta barua. Futa nimeihamishia kwenye kona ya juu, nyekundu, na kabla ya kufuta inamuuliza mtu kama ana uhakika. Halitatokea tena kwa mtu yeyote. Ni jambo dogo, lilihitaji jioni moja tu.

Kwenye kamati waeleze hivyo hivyo, wataelewa. Hata wakitaka, waonyeshe kwenye skrini.

Mdogo wako

*

Nyumbani
Tarehe 24 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu. Barua hii imekuja kwa posta kwa sababu meneja amewakataza madereva kubeba chochote changu, na hii ndiyo habari yenyewe.

Kamati walikuwa watatu: meneja, mhasibu wetu, na mkubwa mmoja kutoka makao makuu mwenye miwani ya kuning'inia kifuani. Niliwaeleza kama ulivyoniambia. Nikasema twendeni kaunta, bonyezeni mara mbili mtaona. Tukaenda. Kipepeo akapisha kiti. Meneja akachagua nafasi, akabonyeza mara mbili. Tiketi ikatoka, nafasi ikabaki pale pale. Akarudia. Ikabaki. Yule mkubwa akavaa miwani, akaniambia, "Mama, Futa iko hapa juu, nyekundu, na inakuuliza kama una uhakika. Wewe uliulizwa kwa kila abiria, na kila mara ukajibu ndiyo?"

Nilitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Nikasema, mdogo wangu amekihamisha kitufe. Wakatazamana. Meneja, ambaye tumefanya kazi pamoja tangu kichwa chake kina nywele, akaniuliza kwa upole, kama anavyoulizwa mgonjwa, mdogo wangu yupi huyo.

Wameandika makosa mawili. La kwanza uzembe. Hilo ningelimeza, maana siku ya mafunzo ni kweli sikwenda, na kiburi kile kilikuwa changu. La pili ni kusema uongo mbele ya kamati. Barua ya kuachishwa nimeipokea mbele ya wapiga debe, na mmoja akaninong'oneza, "Si ulisema tukukamate wewe?"

Baba nimemwambia kituo kimepunguza watu. Sikutaka ajue ni kitufe chako, na mwenzake wa kuzungumza juu yako ni mimi tu.

Nina mpaka mwisho wa Mei kukata rufaa. Ninachokuomba ni mistari miwili. Andika: kitufe kilikuwa pale, mimi nikakihamisha baadaye. Weka sahihi na cheo chako. Sitaki unitetee, wala usinivike kilemba cha ukoka. Waambie tu mimi si mwongo.

Dada yako

*

Tarehe 12 Mei

Dada,

Shikamoo. Natumai wewe na Baba hamjambo. Mimi afya ipo, usingizi ndio haba.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka nijibu vizuri. Mambo hapa yamebana. Kampuni inaiuza dashibodi kwa makampuni mengine ya mabasi, na mwanasheria wetu amepita meza kwa meza akasema mtu yeyote asiandike neno "kasoro" kwenye karatasi yenye jina la kampuni. Nikiandika ile mistari miwili, itasomwa na watu ambao hawakujui wewe wala hawanijui mimi. Mkuu ameshanidokeza kuhusu kuongoza kitengo cha wachoraji. Dada, unajua tulikotoka. Nikipanda mimi, tumepanda sote.

Nipe muda. Nitazungumza na mkuu mwenyewe, ana kwa ana, mambo yakitulia. Jambo hili linataka busara.

Na usinielewe vibaya, lakini ungehudhuria yale mafunzo ungeonyeshwa kwamba kitufe kinabadilika. Walionyesha. Kipepeo hakukosea hata tiketi moja. Sisemi kosa ni lako. Nasema tu ukiliangalia kwa upande wa pili.

Vuta subira.

Mdogo wako

*

Tarehe 20 Mei

Marahaba.

Nimeangalia upande wa pili, nako nimejikuta mimi vile vile.

Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wewe umeubeba mkononi, umeupima, umeona hauna uzito, umeurudisha kichwani kwangu. Sawa. Lakini kumbuka mimi sikukuomba kazi, wala sikukuomba uache cheo. Walipoinunia dashibodi yako nilisimama mbele ya watu bila kumuuliza mwanasheria.

Fundi wa tairi wa pale kituoni alinipita jana sokoni akajitia hamnazo. Yule mtu nilimpa siri zangu. Nadhani hajui amsalimie vipi mtu aliyeandikwa mwongo.

Baba anauliza kila siku kama umeandika. Namwambia posta inachelewa.

Siku zipo bado. Nasubiri.

Dada yako

*

Tarehe 18 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Nimekuandikia Juni mara moja nikaichana, kisha nikaanza tena. Kimya chako kinanitisha. Je, Baba mzima? Wewe je?

Najua Mei imepita. Nilikusudia, Dada. Mkuu alisafiri, aliporudi kukawa na haraka ya kutia sahihi mikataba, na kila nilipofika mlangoni kwake kulikuwa na mtu ndani. Sitajitetea. Lililopita limepita, tutazame mbele.

Nina habari nzuri. Nimepewa kitengo. Na jambo la kwanza nililofanya ni kukutafutia nafasi. Tunaajiri watu wa kujaribu skrini kabla hazijatoka. Kazi yenyewe nyepesi: unakaa kwenye chumba, unapewa skrini mpya, unabonyeza unavyojua, na wachoraji wanakutazama upande wa pili wa kioo waone unakwama wapi. Watu kama wewe ndio tunaowahitaji hasa, wale ambao hawajazoea. Utakaa kwangu. Baba tutamtafutia mtu wa kumwangalia.

Nijibu hata kwa neno moja.

Mdogo wako

*

Tarehe 3 Septemba

Marahaba.

Baba mzima. Mimi mzima. Nashona mifuko ya shule nyumbani, sasa shule zimefungwa, mifuko imelala.

Jumapili alikuja Kipepeo. Alikuwa amepiga moyo konde njia nzima, niliona anavyoshindwa kukaa. Akatoa simu akasema, "Mama Mihuri, naona ni bora uone kwangu kuliko uone kwa mtu." Nikakuona. Umevaa koti zuri. Ukumbi mkubwa, viti vimejaa mpaka nyuma, na ukutani pameandikwa kwa herufi kubwa: Niliyojifunza Kutokana na Dashibodi ya Tiketi.

Masomo mawili ya kwanza sikuyaelewa sana, mambo ya rangi na nafasi nyeupe. La tatu nililielewa. Ulisema, tulikuwa na mtumiaji mmoja, mama wa makamo kwenye kituo kidogo, mkono wake umezoea mihuri. Ukakunja ngumi ukagonga meza, pa, pa, kama nifanyavyo mimi, umeniigiza vizuri mpaka bega. Watu wakacheka. Ulisubiri wamalize kucheka. Kisha ukashusha sauti ukasema: "Kosa halikuwa lake. Kitufe kilikuwa mahali pabaya, na mimi ndiye niliyekiweka." Wakakupigia makofi, wengine wamesimama.

Nilimwomba Kipepeo arudishe nyuma nikasikiliza tena. Maneno ni yale yale niliyokuomba. Hayafiki hata mistari miwili.

Jumatatu nilikwenda nayo kwa meneja. Kipepeo alinisindikiza, na ujue amehatarisha kibarua chake kwa kutembea na mimi mchana. Meneja alitazama mpaka mwisho. Akasema rufaa zilifungwa Mei na faili limepelekwa makao makuu, hana la kufanya. Tulipofika mlangoni akaniita. Nilirudi mbio, nikidhani amefikiri. Akauliza kama yule kijana kweli ni mdogo wangu, na kama naweza kumwombea aje awafundishe makarani wapya, maana anaeleza vizuri.

Juu ya ukoo ule hukusema kitu. Wala sikulaumu, ungesema watu wasingecheka.

Sasa nikwambie la Baba, ndilo lililonikalisha niandike. Alisikia sauti yako kutoka kitandani akauliza ni nani huyo anayezungumza kama mwanawe. Kipepeo akamsogezea simu. Baba alikaa wima, goti na vyote. Aliitazama yote, na pale penye pa, pa alicheka mpaka akakohoa, ikabidi nimpe maji. "Huyo mama naye," alisema, "alikuwa anatazama wapi?" Kisha akanigeukia, macho yana machozi ya furaha, akasema kijana amekuwa mtu mkubwa na mimi nipate kushukuru. Nikashukuru. Kipepeo alitoka nje.

Sikumwambia, na sitamwambia. Ana kitu kimoja cha kumfurahisha, siwezi kumnyang'anya.

Ile kazi ya kukaa mbele ya kioo mpe mwingine. Barua zako za Baba mwandikie Baba, nitamsomea kama karani, kwa sauti na bila kuongeza neno. Kwangu usiandike. Ulimaliza kwa kuwaambia watu wa ukumbi kwamba mchoraji mzuri humsikiliza yule anayeumia, na kwamba wewe sasa umejifunza kusikiliza. Mimi nilikuwa nazungumza tangu Aprili.

Ni mimi,
Mtumiaji mmoja, kituo kidogo